Maswali ya Wasomaji: Thaddeus Stevens, Wakili wa Gettysburg Aliyeingia Kongresi

Katika toleo lililopita tulimtaja kwa sentensi mbili tu Thaddeus Stevens, mbunge wa Pennsylvania ambaye katika karne ya 19 alikuwa mstari wa mbele kupigania Marekebisho ya 13 na ya 14 ya Katiba ya Marekani, yale yaliyofuta utumwa na kuweka uraia na ulinzi sawa wa sheria. Barua zilizomiminika baada ya hapo zimetuonyesha kwamba sentensi mbili hazikukata kiu ya wasomaji wetu. Tumechagua barua tano, na kwa kuwa zote zinamhusu mtu mmoja, tumeziachia safu yote ya leo.

*

*Ndugu Mhariri, mliandika kwamba Stevens alikuwa wakili kabla ya kuwa mbunge, lakini hamkutueleza alisomea sheria chuo gani. Je, nchini Marekani ni lazima mtu awe mwanasheria ndipo achaguliwe kuingia Kongresi?*
— Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili

Si lazima, na haikuwa lazima hata zamani zile. Katiba ya Marekani inamtaka mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, moja ya mabaraza mawili ya Kongresi, awe ametimiza umri wa miaka 25, awe amekuwa raia kwa muda usiopungua miaka 7, na awe mkazi wa jimbo linalomchagua. Kuhusu elimu au kazi yake haisemi neno. Pamoja na hayo, mawakili wamekuwa wengi katika Baraza hilo tangu mwanzo, na sababu yake si ngumu kuiona. Wakili wa mji mdogo alijulikana na kila mwenye shauri la shamba, la deni au la urithi, alizoea kusimama na kusema mbele ya watu, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuisoma sheria neno kwa neno akitafuta mahali inapobana na mahali inapoachia.

Stevens hakupitia chuo chochote cha sheria. Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 huko Danville, katika jimbo la Vermont, akiwa na mguu mmoja uliopinda, akachechemea maisha yake yote. Baba yake aliitelekeza familia, na mama yake, Sarah, ndiye aliyehangaika kwa kazi za mikono hadi mwanawe akapata shule na hatimaye akahitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1814. Kutoka hapo kijana alihamia York, Pennsylvania, akawa mwalimu, huku wakati wake wa ziada akiutumia kusoma vitabu vya sheria katika ofisi ya wakili mmoja wa mji huo. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kuufikia uwakili siku zile: unasoma chini ya mkubwa wa kazi, kisha unahojiwa na mahakama na mawakili waliokutangulia.

Mawakili wa York, hata hivyo, waliweka kanuni ya kumzuia yeyote aliyesomea sheria huku akifanya kazi nyingine, na kanuni hiyo ilimgusa Stevens moja kwa moja. Hakubaki kulalamika. Mwaka 1816 alivuka mpaka wa kusini hadi Bel Air, katika jimbo la Maryland, akahojiwa huko, akakubaliwa kuwa wakili, kisha akarudi Pennsylvania na kufungua ofisi katika mji wa Gettysburg. Tunakuomba uukumbuke mpaka huo wa Maryland na Pennsylvania, kwa sababu upande mmoja wake utumwa ulikuwa halali na upande wa pili ulikuwa ukifutwa, na maisha yote ya Stevens yaligeukia hapo.

*

*Mheshimiwa Mhariri, nimepata kusoma kwamba huyu mnayemsifu aliwahi kumtetea mwenye watumwa mahakamani, akashinda, na mwanamke akarudishwa utumwani. Ikiwa jambo hilo ni kweli, sifa zenu mnazitoa wapi?*
— Mwalimu mstaafu

Ni kweli, Mwalimu, na tunakushukuru kwa kutolifumbia macho. Tunalieleza kwa kirefu kwa sababu tunaamini asiyeifahamu kesi hiyo hawezi kumfahamu Stevens.

Mwanamke huyo aliitwa Charity Butler, mtumwa kutoka Maryland. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780, iliyoanza kuufuta utumwa polepole, ilikuwa na kifungu kilichowahusu watumwa walioletwa na wageni kutoka majimbo mengine: mgeni angeweza kukaa na mtumwa wake kwa muda wa miezi sita, na muda huo ukipita, mtumwa anakuwa huru. Charity alikuwa ameletwa Pennsylvania zaidi ya mara moja, akakaa, akarudishwa Maryland, akaletwa tena. Akadai uhuru wake na wa watoto wake kwa hoja nyepesi kuielewa, kwamba siku zote alizokaa katika ardhi ya Pennsylvania zikijumlishwa zinaipita miezi sita.

Stevens alisimama upande wa mwenye mali. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria inazungumzia miezi sita ya mfululizo, na kwamba kila mtumwa anapovuka mpaka kurudi Maryland, hesabu inakatika na kuanza upya. Mwaka 1821 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilikubaliana naye. Charity Butler na watoto wake wakabaki watumwa kwa sababu siku zao za kukaa, hata kama zilikuwa nyingi, hazikufuatana.

Hatuna nia ya kumsafisha. Wapo wanaosema wakili ni kama dereva wa gari la kukodi, humpeleka abiria anakotaka, lakini sisi hatuamini kwamba maneno hayo yanatosha pale abiria anapotaka kupelekwa juu ya mgongo wa mama na wanawe. Tunachoweza kukuonyesha ni yaliyofuata. Tarehe 4 Julai 1823, katika karamu ya kuadhimisha uhuru wa Marekani, Stevens alinyanyua glasi yake na kumtakia heri rais ajaye, kwa matumaini kwamba atakuwa mtu ambaye hajapata kumfunga mwanadamu mwenziwe pingu za utumwa. Katika miaka iliyofuata alijulikana Gettysburg, na kuanzia mwaka 1842 katika mji wa Lancaster alikohamia, kuwa wakili wa kukimbiliwa na watumwa waliotoroka. Pennsylvania ilipoandika katiba mpya mwaka 1837 na 1838, wajumbe waliingiza neno moja, "weupe", katika kifungu cha wapigakura, na kwa neno hilo watu Weusi huru wakanyang'anywa kura. Stevens, aliyekuwa mjumbe, alikataa kutia sahihi yake.

Kesi iliyoonyesha wazi zaidi mahali alipofika ni ile ya Christiana. Mwezi Septemba 1851, mmiliki mmoja wa watumwa kutoka Maryland, Edward Gorsuch, alivuka mpaka pamoja na ofisa wa serikali hadi kijiji cha Christiana katika wilaya ya Lancaster kuwakamata vijana waliomtoroka. Watu Weusi wa hapo, wakiongozwa na William Parker, ambaye mwenyewe alikuwa ametoroka utumwani, walikataa kuwatoa, mapigano yakazuka na Gorsuch akauawa. Jirani mmoja Mzungu, Castner Hanway, mwenye kinu cha kusaga nafaka, alifika akiwa juu ya farasi bila silaha. Ofisa alimwamuru asaidie kuwakamata watoro, kama Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850 ilivyomlazimisha kila raia, naye akakataa. Kwa kukataa huko alishtakiwa Philadelphia kwa kosa la uhaini, yaani kuipiga vita nchi yake, na Stevens akawa miongoni mwa mawakili wake. Juri, yaani wale raia 12 wanaoketi kuamua ukweli wa shauri, walichukua kama robo saa tu kusema kwamba hana hatia.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, tunaongeza jambo moja. Mwaka 1834 Pennsylvania ilipitisha sheria ya shule za bure kwa watoto wote, na mwaka uliofuata wananchi wengi, kwa kuchukia kodi, walitaka ifutwe. Seneti ya jimbo ilikubali kuifuta. Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens, wakati huo mjumbe wa Bunge la jimbo, alisimama kuitetea kinyume cha matakwa ya wapigakura wake mwenyewe, na baada ya hotuba yake wajumbe waliibakiza sheria ile. Mtoto wa Sarah alijua shule isiyo ya bure inamgharimu mama kiasi gani.

*

*Ndugu Mhariri, ndani ya Baraza la Wawakilishi kuna mamia ya wajumbe. Mtu mmoja, tena mzee na kilema, aliwezaje kuwa na nguvu mnayoisimulia?*
— Msomaji wa miaka mingi

Nguvu ya mjumbe katika Kongresi hutoka zaidi katika kamati kuliko katika hotuba. Stevens aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1849, akakaa hadi 1853, akarudi mwaka 1859 na kubaki hadi kufa kwake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyoasi, vilipoanza mwaka 1861, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mapato, ile inayoshughulikia kodi na fedha za serikali. Mwaka 1862 aliisukuma sheria iliyoiwezesha serikali kuchapisha noti za kijani na kuzifanya malipo halali, ili askari walipwe na vita viendelee. Asiyependa masuala ya fedha atalipita jambo hilo haraka, lakini bila fedha hizo jeshi la Kaskazini lingekwama.

Tarehe 31 Januari 1865 Baraza lilipitisha Marekebisho ya 13 ya kuufuta utumwa kwa kura 119 dhidi ya 56. Wengi waliona kazi imekwisha, lakini Stevens aliona hatari ambayo mtu aliyezoea kusoma vifungu ndiye angewahi kuiona. Katiba ya awali iliwahesabu watumwa watano kuwa sawa na watu watatu wakati wa kugawa viti vya Baraza. Utumwa ukiisha, kila mmoja wao anahesabiwa mtu kamili. Kwa hiyo majimbo ya Kusini, yaliyoanzisha uasi na kushindwa vitani, yangerudi Kongresi yakiwa na viti vingi kuliko kabla ya vita, huku watu walioongeza hesabu hiyo wakinyimwa kura. Ni hesabu ya aina ileile iliyomshinda Charity Butler, ila safari hii Stevens alisimama upande wa pili wa meza.

Alichokifanya tarehe 4 Desemba 1865 kinafaa kutazamwa kwa karibu. Kongresi mpya ilikuwa inafunguliwa, na wajumbe waliochaguliwa katika majimbo ya Kusini, kwa mpango wa masharti mepesi wa Rais Andrew Johnson, walikuwa wamefika Washington kuchukua viti vyao. Kwa utaratibu, kabla Spika hajachaguliwa, katibu wa Baraza ndiye anayesoma orodha ya majina, na asiyesomwa hana kauli. Katibu huyo alikuwa Edward McPherson, mzaliwa wa Gettysburg, kijana aliyelelewa kisiasa na Stevens. McPherson alisoma jimbo baada ya jimbo, akayaruka yote yaliyoasi. Horace Maynard wa Tennessee, mtu ambaye binafsi hakuisaliti Serikali ya Muungano hata siku moja, alisimama kudai nafasi yake. Katibu alimjibu kwamba hawezi kukatizwa katikati ya kusoma orodha, akaendelea. Hapakupigwa kura wala hapakutolewa hotuba. Majina hayakusomwa, basi. Tunakiri kwamba tunamwonea huruma Maynard, lakini iwapo mlango ungefunguliwa kwa ajili yake mmoja, wangeingia pamoja naye watu waliokuwa viongozi wa uasi miezi michache kabla.

Mlango ukiwa umefungwa hivyo, Kongresi iliunda kamati ya pamoja ya wajumbe 15, tisa wa Baraza la Wawakilishi na sita wa Seneti, kuchunguza hali ya Kusini. Kutoka katika kamati hiyo ndiyo yakazaliwa Marekebisho ya 14, yanayosema kwamba kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia, na kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria. Maneno mengi ya kifungu hicho cha kwanza yaliandikwa na mwanasheria mwingine, John Bingham wa Ohio, na haki inatutaka tumpe sifa yake. Kifungu cha pili kililigusa lile jambo la hesabu: jimbo litakalowanyima kura wanaume wake wenye umri wa kupiga kura litapunguziwa viti kwa kadiri hiyohiyo.

Stevens alitaka zaidi ya hapo. Alipoyaleta Marekebisho hayo mbele ya Baraza kwa mara ya mwisho, tarehe 13 Juni 1866, aliwaambia wenzake bila kuficha kwamba ni kazi yenye kasoro, na kwamba anaikubali kwa kuwa anaishi miongoni mwa binadamu, wala si miongoni mwa malaika. Kila tunapoyasoma maneno hayo tunamkumbuka mzee wa miaka 74 aliyefahamu kwamba hatapata nafasi nyingine.

*

*Mhariri, je, hakuna alichokishindwa? Na yale mambo ya kumshtaki Rais yaliishia wapi?*
— Msomaji, bila jina

Alishindwa mambo mawili makubwa. La kwanza ni ardhi. Tarehe 6 Septemba 1865, akihutubia Lancaster, alipendekeza serikali iwanyang'anye wenye mashamba makubwa wa Kusini ardhi yao, na kila mwanamume mzima aliyetoka utumwani agawiwe ekari 40, kwa hoja kwamba mtu huru asiye na ardhi atarudi kulima kwa bwana yuleyule kwa masharti ya bwana huyo. Kongresi haikumfuata. Wapinzani wake walisema anasukumwa na kisasi, kwa sababu mwezi Juni 1863 majeshi ya Kusini yalikuwa yamekichoma moto kiwanda chake cha kufua chuma cha Caledonia, alichokiita kwa jina la wilaya aliyozaliwa. Sisi hatukubaliani nao. Stevens alidai mali za waasi zichukuliwe tangu vita vilipoanza, na baada ya moto ule aliandika kwa wasiwasi kuhusu familia maskini za wafanyakazi wake, ambazo alijiona analazimika kuzitunza. Kwa maoni yetu, kukataliwa kwa pendekezo la ardhi ndiko kulikowagharimu zaidi watu waliotoka utumwani, kuliko jambo jingine lolote la miaka ile.

La pili ni Rais Johnson. Kongresi ilikuwa imemzuia kuwaondoa maofisa fulani bila idhini ya Seneti, naye akamfukuza Waziri wa Vita, Edwin Stanton. Tarehe 24 Februari 1868 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 126 dhidi ya 47 kumshtaki. Stevens, ambaye kwa ugonjwa hakuweza tena kutembea umbali wowote, alibebwa juu ya kiti ndani ya jengo la Kongresi ili ashiriki kuendesha mashtaka. Mwezi Mei maseneta 35 walimwona Rais ana hatia na 19 wakamwona hana. Ili aondolewe madarakani zilihitajika theluthi mbili, yaani kura 36. Johnson akaponea kura moja.

*

*Ndugu Mhariri, ninaomba kujua habari za nyumbani kwake. Alikuwa na mke? Na kwa nini mlitaja kaburi lake?*
— Msomaji wa kike, mama wa watoto watatu

Hakuoa. Kwa miaka ipatayo 20 nyumba yake ilisimamiwa na Lydia Hamilton Smith, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika na ya Kizungu, aliyekuja Lancaster na wanawe wawili. Maadui wa Stevens walieneza maneno mengi kumhusu mama huyo kwa lengo la kuwadhalilisha wote wawili. Tunaona inatosha kueleza kwamba Stevens alitaka wageni wake wamwite "Bibi Smith", heshima ambayo wanawake Weusi wa zama zile hawakupewa, na kwamba katika wosia wake alimwachia achague kati ya dola 500 kila mwaka maisha yake yote au dola 5,000 kwa mara moja. Mama Smith, aliyekuwa hodari wa biashara, aliinunua nyumba ile ile aliyoitunza.

Wosia huo huo ulitenga fedha za kujenga Lancaster makao ya yatima, na ukaamuru kwamba mtoto asikataliwe kwa sababu ya rangi au dini ya wazazi wake, kwamba wote wasome darasa moja, na kwamba wote wapate chakula kwenye meza moja. Fedha hizo ndizo chimbuko la shule ya ufundi ambayo leo ni chuo cha teknolojia chenye jina lake.

Stevens alifariki dunia Washington tarehe 11 Agosti 1868, karibu na usiku wa manane, Mama Smith akiwa kando ya kitanda chake. Mwili uliwekwa chini ya kuba la jengo la Kongresi ili watu wauage, ukilindwa na askari Weusi, na huko Lancaster wanachama wa chama chake walimteua tena kuwa mgombea wao ingawa walijua amekwisha kufa. Kuhusu kaburi, alikuwa amegundua kwamba makaburi makubwa ya mji yanawapokea Wazungu peke yao. Akachagua makaburi madogo ya Shreiner, yasiyombagua mtu, na akaacha maandishi ya kuchongwa juu ya jiwe: kwamba amelala mahali pale palipojitenga si kwa kupenda upweke, bali kwa kuwa makaburi mengine yamewekewa mipaka ya rangi, naye alitaka kuonyesha katika kifo chake kile alichokitetea katika maisha marefu, yaani usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake. Mama Smith alipokufa baadaye, naye aliacha fedha za kulitunza kaburi hilo.